Maisha ya George Washington Carver, Mwalimu wa Wakulima

Likitajwa jina la George Washington Carver, watu hukumbuka karanga. Husema kwamba ndiye aliyevumbua siagi ya karanga, na kwamba alitoa vitu 300 katika punje hiyo moja. Habari ya siagi si kweli, maana Mkanada mmoja, Marcellus Edson, alikwisha kusajili njia ya kutengeneza kitu cha namna hiyo mwaka 1884, wakati Carver alipokuwa bado akihangaika kutafuta shule. Nami naona kwamba karanga zimeifunika kazi yake iliyo kubwa zaidi, yaani kuyachukua mambo ya chuo kikuu na kuyafikisha kwa mkulima maskini mwenye deni, ambaye pengine hajui kusoma, mpaka ayaelewe na kuyatumia. Siku hizi kazi hiyo ina jina lake, na watu huisomea shahada: mawasiliano na uandishi wa habari za kilimo. Carver hakuisomea, kwa kuwa alipokuwa mwanafunzi masomo hayo yalikuwa hayajaanzishwa. Alijifunza barabarani, juu ya gari la kukokotwa na wanyama, na mezani pake usiku.

Alizaliwa karibu na kijiji cha Diamond, katika jimbo la Missouri, Marekani, yapata mwaka 1864. Siku yenyewe hakuijua hata yeye. Mama yake, Mary, alikuwa mtumwa wa Mzungu mmoja mkulima aitwaye Moses Carver. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa havijatulia katika nchi ile, na wanyang'anyi walikuwa wakizunguka usiku. Wakaja, wakamchukua Mary na mtoto wake mchanga, wakaenda nao. Moses Carver akamtuma mtu awafuate. Yule mtu alirudi na mtoto tu, mgonjwa, akikohoa kifaduro, akapewa farasi kuwa malipo yake. Mama hakuonekana tena mpaka leo.

George na kaka yake Jim wakalelewa na Moses na mkewe Susan, na hata utumwa ulipokwisha mwaka 1865 walibaki palepale. Jim alikuwa na nguvu, akafanya kazi za shamba. George alikuwa dhaifu, sauti yake nyembamba kama ya mtoto wa kike, basi akawekwa nyumbani kupika, kufua na kushona. Nafasi alizozipata alizitumia msituni. Huko alikuwa na bustani yake ya siri, akipanda maua aliyoyang'oa porini, na yaliyokuwa mgonjwa akiyauguza. Majirani wakaanza kumletea mimea yao iliyonyauka. Kusoma alifundishwa na Susan kwa kitabu kimoja tu kilichokuwamo nyumbani, maana shule ya karibu ilikuwa ya Wazungu.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na kitu akaenda kwa miguu hadi mji wa Neosho, mwendo wa maili nane au zaidi, kwa kuwa huko kulikuwa na shule ya watoto weusi. Alipokewa na mkunga mmoja mweusi, Mariah Watkins, pamoja na mumewe Andrew. Mama huyu ndiye aliyemwambia aache kujiita George wa Carver, kama mali ya mtu, bali ajiite George Carver. Tena alimwagiza kwamba akiisha kupata elimu aende akawape watu wake. Nimesoma maisha ya watu wengi wakubwa ambao waliagizwa hivyo wakasahau. Huyu hakusahau.

Sitakaa sana juu ya miaka iliyofuata, ingawa ilikuwa mirefu. Alihama mji hata mji katika jimbo la Kansas, akifua nguo za watu ili apate ada. Katika mji wa Fort Scott, mwaka 1879, aliona kwa macho yake mtu mweusi akiuawa na kundi la Wazungu pasipo hukumu, akakimbia mji ule usiku. Katika mji mwingine palikuwa na George Carver wa pili, barua zao zikichanganyika, ndipo akajiongezea herufi W, na baadaye ikawa Washington. Chuo kimoja huko Highland kilimkubali kwa barua, lakini alipofika mlangoni na kuonekana rangi yake alirudishwa. Akaenda akajenga nyumba ya udongo na nyasi katika nchi kavu ya Ness, akalima, akashindwa, akaondoka. Alikuwa amekaribia miaka 26 alipopokewa katika Chuo cha Simpson, mjini Indianola, jimbo la Iowa, mwaka 1890.

Alikwenda Simpson kusoma uchoraji na kinanda, wala si kilimo. Na alichora vizuri, hata picha yake moja ya mmea ikapelekwa katika maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893 ikasifiwa. Lakini mwalimu wake wa kuchora, Bibi Etta Budd, alifikiri kwamba mtu mweusi katika nchi ile hataweza kupata chakula chake kwa picha. Aliona jinsi kijana huyu anavyoijua mimea, naye baba yake mzazi alikuwa mwalimu wa kilimo cha matunda katika Chuo cha Kilimo cha Iowa, mjini Ames. Basi akamshauri ahamie huko. Carver aliumia moyo kuacha brashi zake, lakini akakubali, akaingia Ames mwaka 1891, mwanafunzi wa kwanza mweusi katika chuo hicho.

Chuo hiki kilikuwa kimoja cha vyuo vilivyosaidiwa na sheria ya mwaka 1862, ambayo kwayo serikali ya Marekani iliyapa majimbo ardhi ili mapato yake yaanzishe vyuo vya kufundisha kilimo na ufundi kwa watoto wa watu wa kawaida. Shabaha ilikuwa nzuri, lakini siku za kwanza Carver hakuruhusiwa kula pamoja na wenzake, akapelekwa chini pamoja na vibarua. Bibi mmoja Mzungu rafiki yake aliposikia habari hizo alisafiri kutoka Indianola, akavaa nguo zake nzuri, akashuka kula naye chini siku nzima. Baada ya hapo mambo yalianza kulegea. Carver akaingia katika chama cha midahalo, akatunga shairi la darasa lake la mwaka 1894, akapata shahada ya kwanza mwaka ule, na ya pili mwaka 1896. Mwalimu wake mkubwa alikuwa Louis Pammel, bingwa wa mimea, naye Carver akawa stadi wa kuvu, yaani vile viini vidogo viletavyo magonjwa ya majani na mizizi. Aliandika pamoja na Pammel habari za magonjwa hayo. Lilikuwa andiko la wataalamu kwa wataalamu, na lilikuwa zuri.

Alikuwako pia mtoto mdogo wa miaka sita hivi, mwana wa mwalimu mmoja wa chuo, ambaye Carver alikuwa akimchukua matembezini na kumwonyesha sehemu za ua na nyasi. Jina lake Henry Wallace. Mtoto yule alikuja kuwa Waziri wa Kilimo wa Marekani, kisha Makamu wa Rais tangu mwaka 1941 hata 1945. Na babu yake, aliyeitwa Henry pia, ndiye aliyekuwa mhariri wa gazeti la wakulima lililojulikana sana katika Iowa. Kwa hiyo kama ni uandishi wa kilimo, Carver aliuona kwa karibu, ukifanywa na watu waliokuwa wakulima wenyewe. Chuo cha Ames kilianza kuufundisha darasani mwaka 1905, lakini Carver alikuwa amekwisha kuondoka miaka tisa.

Angaliweza kubaki Ames. Alikuwa na kibanda chake cha mimea, mshahara, na heshima. Lakini mwaka 1896 ikaja barua ya Booker T. Washington, mkuu wa shule ya Tuskegee katika jimbo la Alabama, shule ya watu weusi iliyoanzishwa mwaka 1881. Washington alitaka mtu mweusi mwenye shahada ya juu ya kilimo, na katika Marekani nzima hakuwapo mwingine. Carver akakubali, akafika Tuskegee mwezi wa Oktoba mwaka ule.

Nchi aliyoikuta inafaa kuelezwa, maana pasipo kuielewa hatuwezi kuelewa kwa nini aliandika kama alivyoandika. Wilaya ya Macon ilikuwa nchi ya pamba. Wakazi wengi walikuwa weusi, wana wa watumwa au watumwa wenyewe walioachwa huru, nao hawakuwa na ardhi. Walilima mashamba ya watu na kulipa sehemu kubwa ya mavuno. Chakula, mbegu na nguo walikopa dukani mapema mwakani, na mwenye duka akaandika daftarini mwake kwa riba kubwa, akishika pamba yao kuwa rehani kabla haijaota. Pamba ikivunwa, hesabu ikifanywa, mara nyingi deni halikwisha, likapelekwa mwaka ujao. Mwenye shamba wala mwenye duka hawakutaka mkulima apande kitu kingine ila pamba, kwa sababu pamba ndiyo iliyouzika. Ilipandwa mpaka kizingitini pa mlango, mwaka hata mwaka, katika udongo uleule, hata udongo ukachoka na mvua ikauchukua. Watu walikula mahindi, nyama ya nguruwe yenye mafuta na asali ya miwa, na wengi waliugua kwa chakula duni.

Sasa fikiria mwenye shahada mbili, bingwa wa kuvu, amesimama mbele ya mtu huyu. Amwambie nini? Akimwambia anunue mbolea ya dukani, hana fedha. Akimwambia aache pamba, atafukuzwa shambani. Akimpa kitabu, pengine hajui kusoma, na aliye na mtoto anayesoma shuleni husoma polepole kwa taa ya mafuta.

Carver alianza na vitu vilivyokuwapo bila bei. Shule ilikuwa haina maabara, basi aliwatuma wanafunzi jalalani, wakaokota chupa, makopo na masufuria yaliyotupwa, wakatengeneza vyombo. Mwaka 1897 jimbo la Alabama likakubali kutoa dola 1,500 kwa mwaka kwa shamba la majaribio hapo Tuskegee, fedha kidogo sana zikilinganishwa na walizopewa Wazungu. Katika shamba lile bovu alitumia tope la bwawani, majani yaliyooza na samadi badala ya mbolea ya kununua. Alipanda kunde, viazi vitamu na karanga. Kunde na karanga zina faida ambayo mkulima haioni kwa macho: vijidudu vilivyo katika mizizi yake huchukua naitrojeni kutoka hewani na kuiweka udongoni, ndiyo chakula kile kile ambacho pamba imekimaliza. Tena zinaliwa. Aliona kwamba zao ambalo linaponya shamba na kulisha mtoto kwa pamoja ndilo litakalosikilizwa.

Ndipo akaanza kuandika vijitabu. Cha kwanza kilitoka mwaka 1898, juu ya kulisha nguruwe kwa mbegu za mialoni, zile zilizoanguka bure msituni. Tangu hapo hata mwisho wa maisha yake vilitoka zaidi ya 40. Nimependa kuvitazama majina yake kwa mfuatano, maana vinaonyesha mtu anayejifunza kazi. Mwaka 1902 aliandika kimoja juu ya kuvu za wilaya ya Macon kwa majina ya Kilatini, ambacho sidhani mkulima mmoja alikisoma. Mwaka 1905 kikatoka kile cha kurudisha rutuba ya udongo uliochoka. Mwaka 1908 cha kupika kunde. Mwaka 1910 cha bustani za shule za vijijini. Mwaka 1911 alieleza jinsi ya kupaka nyumba rangi kwa udongo wa kilimani, maana aliona vibanda vyao vilivyokuwa vyeusi kwa moshi na akajua kwamba kijivu na manjano viko hapo chini ya miguu yao. Na mwaka 1916 kikatoka kile kilichomletea sifa, cha kulima karanga na njia 105 za kuzitayarisha kwa chakula.

Ukikifungua kijitabu chake utakuta mara nyingi watu watatu wanaosemeshwa katika kurasa zile zile. Mkulima anaambiwa alime namna gani, apande lini, na avuneje. Mwalimu wa shule anapewa sehemu za mmea na jamaa yake ili awafundishe watoto. Na mama wa nyumbani anapewa mapishi. Huu ulikuwa ujuzi mkubwa kuliko unavyoonekana. Mume akipanda kunde lakini mke hajui kuzipika vizuri, mwakani hazitapandwa. Na mtoto aliyefundishwa shuleni ndiye atakayewasomea wazazi jioni. Maneno yake ni mafupi, vipimo ni kikombe na kijiko, wala hakuna sentensi inayomdai msomaji ashangae mwandishi alivyosoma.

Hata hivyo vijitabu havikutosha, na yeye alijua. Tangu mwaka 1897 wakulima walikuwa wakija Tuskegee kila mwezi katika mkutano wao, kutazama shamba na kusikia habari. Lakini aliyeweza kuja ni mwenye nyumbu na nafasi. Aliye maskini zaidi alibaki nyumbani. Carver akawa akitoka siku za mwisho wa juma kwa kigari, akisimama makanisani baada ya ibada na kuonyesha alichokichukua. Washington akataka jambo hili liwe kubwa. Tajiri mmoja wa New York, Morris K. Jesup, akatoa fedha, Carver akachora gari lenyewe, nalo likaanza safari mwaka 1906. Lilichukua plau, mbegu, chombo cha kusukia maziwa, na mazao ya kuonyesha. Likifika mahali lilisimama katika shamba la mtu, wakaitwa majirani, na kazi ikafanywa mbele yao. Ikiwa ni kulima kwa kina, walilima. Ikiwa ni kutengeneza siagi, walitengeneza wakaionja. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule kijana aliyesoma Tuskegee, Thomas Campbell, aliajiriwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani kuendesha kazi hiyo, akawa bwana shamba wa kwanza mweusi katika nchi ile. Mwaka 1918 wanyama waliachwa, likanunuliwa gari la moto, na muuguzi na mwalimu wa kazi za nyumbani wakapanda pia baadaye.

Hapa nataka kukatiza kidogo, kwa kuwa jambo hili lilifika karibu na kwetu. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika ya Mashariki kutazama shule, na ndani yake alikuwamo Mwafrika mashuhuri wa Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo, Dakta James Aggrey. Wakubwa wa tume hiyo walizijua vizuri shule za watu weusi wa kusini mwa Marekani. Mwaka uliofuata ikafunguliwa Shule ya Jeanes huko Kabete, karibu na Nairobi, ya kuwafundisha walimu ambao wangezunguka vijijini, wakifundisha mashamba, afya na nyumba, pamoja na wake zao. Gari la Tuskegee halikuja, lakini wazo lake lilivuka bahari.

Isidhaniwe kwamba Carver alikuwa malaika. Walimu wenzake walimwona ana majivuno, maana alipofika tu alipewa vyumba viwili wakati wengine walikaa wawili chumba kimoja, naye alivitaka kwa ajili ya mikusanyo yake ya mimea. Alikuwa hodari wa kufundisha lakini mbovu wa kutawala kazi. Banda la kuku lilikuwa chini yake, na mwaka 1904 kamati ya shule iliona kwamba hesabu za kuku alizopeleka kwa mkuu hazikulingana na kuku waliokuwapo. Mara nyingi aliandika barua ya kujiuzulu, na kila mara hakuondoka. Washington alimvumilia, akasema hadharani kwamba katika kuongoza darasa na kuamsha watu hana mfano wake. Washington alipokufa mwaka 1915, Carver alihuzunika sana kwa ugomvi wao.

Wakati huo adui mpya alikuwa amefika. Fukusi wa pamba, mdudu aliyeingia Texas kutoka Mexico mwaka 1892, alikuwa akisogea mashariki kila mwaka, akaingia Alabama yapata mwaka 1910. Jike hutoboa tumba la ua la pamba na kutaga ndani, na tumba huanguka. Yale ambayo Carver alikuwa akiyahubiri kwa miaka 15, sasa mdudu aliyahubiri kwa lazima. Wakulima wa wilaya ya Coffee, katika mji wa Enterprise, waligeukia karanga na kupata fedha nyingi hata mwaka 1919 wakasimamisha sanamu ya kumshukuru mdudu. Wengine husema Carver peke yake ndiye aliyewageuza watu wa kusini waache pamba. Nionavyo mimi ni kuzidisha. Bei, fukusi, na vita vya mwaka 1914 vilivyotaka mafuta ya karanga vilifanya sehemu yao. Yeye alikuwa ameweka tayari maarifa, ili siku mkulima atakapouliza apande nini, jibu liwe limekwisha kuandikwa.

Mwezi wa Januari mwaka 1921 chama cha wafanya biashara wa karanga kilimpeleka Washington, mji mkuu, kusema mbele ya kamati ya Bunge juu ya ushuru wa karanga zitokazo nje. Aliingia na sanduku lake, mtu mweusi wa suti iliyochakaa, akapewa dakika kumi. Mbunge mmoja alimtania kwa rangi yake. Hakumjibu kwa hasira, akaendelea kutoa vitu sandukuni kimoja kimoja: unga, maziwa ya karanga, vinywaji, chakula cha mifugo, akieleza kila kimoja kwa maneno machache kama alivyozoea kuwaeleza wakulima. Dakika kumi zilipokwisha walimwongezea, wakamwongezea tena, hata mwisho wakamwambia aseme kadiri apendavyo. Ushuru ukawekwa katika sheria ya mwaka 1922.

Tangu siku ile magazeti yalimjua, na hapo ndipo kazi ikamgeukia kwa namna ambayo kila anayetaka kuwa mwandishi angepaswa kuitazama. Waandishi walipenda hadithi ya mtoto aliyebadilishwa kwa farasi na ya mchawi wa karanga. Mia tatu ikawa hesabu ya kila mtu, ingawa vingi katika vile vilikuwa mapishi, au vilijulikana zamani, na vilivyosajiliwa kwa jina lake serikalini ni vitatu tu, kati ya mwaka 1925 na 1927, vya vipodozi na rangi. Mwaka 1924 alisema kanisani New York kwamba maarifa yake humjia kwa uongozi wa Mungu na kwamba haendi maabara na vitabu. Gazeti kubwa la mji ule likamlaumu kwamba wanasayansi hawasemi hivyo. Alisikitika, akaandika kueleza masomo yake na walimu wake. Lakini nani alikumbuka kijitabu cha udongo uliochoka? Habari za muujiza zinauza gazeti kuliko habari za tope la bwawani. Yeye mwenyewe, kwa kupenda kusifiwa, hakuzikanusha kwa nguvu sana.

Tena lazima tuseme kwamba kulikuwa na jambo ambalo vijitabu havikuliweza. Mkulima aliweza kujifunza kupanda kunde, lakini daftari la mwenye duka lilibaki palepale, na ardhi haikuwa yake. Sheria ya mwaka 1914 ilipoleta fedha nyingi za serikali kwa ajili ya mabwana shamba, katika kusini zilipitia vyuo vya Wazungu, na watu weusi wakapata kipande. Carver hakuwa mtu wa siasa, hakusema juu ya haya kwa sauti. Wako waliomlaumu kwa hilo katika siku zake, na wako wanaomlaumu hata leo. Mimi nadhani lawama ile ina haki kiasi. Lakini watoto waliokula maboga na kunde katika mwaka wa njaa walizila kweli, deni likiwapo.

Katika shule zetu kilimo huitwa masomo ya waliokosa udaktari, na uandishi masomo ya waliokosa sheria. Mtu akisema atachanganya vyote viwili, wenzake humcheka. Wale wanaofikiri kujaza fomu za chuo wangefanya vema kumtazama mtu huyu aliyeacha picha zake akaenda kwenye kuvu, kisha akaacha kuvu akaenda kwenye kikombe na kijiko.

Uzeeni aliandika safu ya mashauri iliyochapwa katika magazeti mbalimbali, na barua zilimjia kwa mafungu kutoka kwa wakulima, naye alijibu. Chuo cha Simpson kilimpa heshima ya udaktari mwaka 1928. Hakuoa. Mshahara wake kwa miaka mingi haukuongezeka sana, na hundi nyingine alisahau kuzipeleka benki. Akiba yake, dola kama 60,000, aliiachia taasisi ya utafiti aliyoianzisha Tuskegee mwaka 1940. Mwaka 1942, nchi ikiwa vitani na chakula kikipungua, mzee huyu wa miaka karibu 80 alitoa kijitabu juu ya mboga za porini zinazoliwa, zile ambazo watu hung'oa na kutupa kama magugu, akieleza kila moja inavyochumwa na kupikwa.

Alifariki tarehe 5 Januari 1943, akazikwa Tuskegee kando ya Booker T. Washington. Mwezi wa Julai mwaka ule Bunge la Marekani likaamuru shamba la Moses Carver huko Missouri lihifadhiwe kwa ukumbusho wake, la kwanza kufanyiwa hivyo kwa ajili ya mtu mweusi. Wageni huonyeshwa mahali alipozaliwa, na njia inayoshuka msituni kando ya kijito, huko alikokuwa akificha maua yake.